Kwa nini mtu aliye ndani ya twiga hafichwi?

Swali la msomaji:

Shikamoo mwalimu. Nimepata tiketi mbili za The Lion King, ule mchezo wa jukwaani wa nyimbo na ngoma, na nitakwenda na binti yangu wa miaka saba. Juzi nilitazama vipande vyake kwenye simu, nikavunjika moyo kidogo. Kichwa cha simba kinakaa juu ya kichwa cha mwigizaji na uso wa mtu unaonekana chini yake. Ndani ya twiga naona mtu amesimama kwenye mironjo. Nilidhani kwa sifa zote zile wangekuwa wamewafunika watu wasionekane. Kwa nini hawakuwafunika? Nikiwa ukumbini niangalie wapi ili nisikose uhondo? Na je, tutazame filamu kwanza au tumwache mtoto akashangae huko huko?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Macho yako hayakukudanganya. Miguu ile ni ya mtu, uso ule ni wa mtu, na hakuna aliyesahau kuvifunika. Kilichokupotosha ni simu, na nitaanzia hapo, maana watu wengi huja na lalamiko kama lako, kisha wanatoka ukumbini hawalikumbuki tena.

Kamera husogea. Mpigapicha hutafuta uso wa mwigizaji, akiupata huujaza kwenye kioo chote, na wewe unabaki na mtu mwenye jasho aliyevaa kitu kichwani. Ukumbini hakuna wa kukuchagulia. Twiga wa mwanzo wa mchezo ana zaidi ya mita nne kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa chake. Anaingia taratibu, na jicho lako linapanda lenyewe, kwa sababu kinachoanza kusogea ni kichwa, shingo inafuata, na miguu ndiyo ya mwisho. Mwigizaji yumo, amesimama kwenye mironjo minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono, na ile shingo ndefu imekaa kichwani pake kama kofia. Akigeuza kichwa chake kidogo tu, kichwa cha twiga kule juu kinageuka kwa mwendo mpana na wa polepole, yaani mwendo wenyewe wa twiga. Mnyororo huo kutoka shingo ya mtu hadi shingo ya mnyama huwezi kuuona kwenye kipande cha sekunde ishirini kilichokatwa kiunoni.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Aliyeongoza mchezo huu ni Julie Taymor, Mmarekani. Maleba, yaani mavazi ya waigizaji, aliyabuni yeye, na vinyago na vikaragosi alivibuni pamoja na Michael Curry. Mchezo ulianza kuonyeshwa Minneapolis mwezi wa Julai 1997, na Novemba mwaka huo ukafunguliwa rasmi Broadway, eneo la kumbi kubwa za michezo huko New York. Mwaka 1998 ulipata tuzo sita za Tony, zile za michezo ya jukwaani Marekani, na Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupata ile ya uongozaji bora wa mchezo wa muziki. Alikuwa na filamu ya katuni ya 1994 ambayo kila mtoto alikuwa ameshaiona, na njia rahisi ingekuwa kushona mavazi ya manyoya yanayofanana na katuni, kisha kuwatumbukiza waigizaji ndani. Hakuifuata. Aliamua mtu na mnyama waonekane kwa wakati mmoja, na jambo hilo yeye huliita tukio maradufu. Unaona simba, unaona na mwanadamu anayemfanya simba awe hai, na raha iko katika kuviona vyote viwili.

Wazo hilo halikuzuka hewani. Miaka ya 1970, akiwa kijana, Taymor aliishi Indonesia kwa miaka kadhaa. Huko kuna mchezo wa kale wa vivuli, wayang kulit, ambamo mtu mmoja anayeitwa dalang hukaa nyuma ya pazia na kuchezesha vikaragosi vya ngozi mbele ya taa. Kuna watazamaji wanaokaa upande wa vivuli, na kuna wengine wanaokwenda kukaa upande wa dalang, wakamwona yeye, mikono yake na vikaragosi vyenyewe, na bado wanalia na kucheka palepale hadithi inapotaka. Wajapani nao wana bunraku. Kikaragosi kimoja kinachezeshwa na watu watatu waliosimama wazi jukwaani. Wawili mara nyingi wamejifunika nguo nyeusi hadi usoni, na yule mkuu uso wake u wazi kabisa. Baada ya muda mfupi humwoni. Yupo mbele yako, unaweza kumhesabia vidole, lakini akili imeshahamia kwa kikaragosi.

Nimefanya kazi hii ya kuchonga na kuchezesha kwa miaka mingi, na jambo hili bado linanigusa kila ninapoliona likitokea. Zamani nilitengeneza paa wa mbao nyepesi na kitambaa. Nilihangaika na macho yake, nikayapaka rangi mara tatu, nikayang'arisha. Kwenye mazoezi alikuwa kiti chenye pembe, hakuna aliyemsadiki. Mzee aliyekuwa akitufundisha akaniambia niachane na macho, nimshike tu mbavuni na kumfanya apumue, basi, nisifanye kitu kingine. Nikasimama naye nadhani dakika kumi, mbavu zikipanda na kushuka. Mfagiaji wa ukumbi akaingia na ufagio wake, akasita, kisha akapita ukutani kwa kunyata asimshtue paa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mtu mzima, nimevaa shati jekundu.

Kwa hiyo ukiniuliza uangalie wapi, jibu langu la kwanza ni pumzi. Mnyama akisimama bila kufanya lolote, mtazame kifuani na shingoni. Kama anapumua, mchezeshaji anaijua kazi. Hawa wa Handspring, kundi lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1981 na akina Adrian Kohler na Basil Jones, wameifanya pumzi kuwa msingi wa kila kitu. Farasi wao, Joey, wa mchezo wa War Horse ulioanza National Theatre ya London mwaka 2007, ana mifupa ya henzerani iliyopindwa, na ndani yake unawaona watu wawili waziwazi. Wa tatu amesimama nje, kando ya kichwa. Mmoja ni kichwa, mmoja ni moyo, mmoja ni miguu ya nyuma. Hawaongei wakati wa kazi. Wanasikilizana kwa pumzi, na hata mlio wa farasi wanautoa wote watatu, kila mmoja sehemu yake, kwa sababu kifua cha mtu mmoja hakitoshi kwa farasi. Sikio likigeuka kidogo kabla mlango haujafunguliwa, hadhira nzima inageuka mlangoni. Huo si mchezo wa muziki kama huu wako, lakini nautaja kwa sababu ukishaelewa Joey anavyofanya kazi, hutamwuliza mtu tena kwa nini watu hawafichwi.

Na kuna jambo lilitokea 2022 ambalo lilinifurahisha sana. Kwenye tuzo za Olivier huko Uingereza, tuzo ya mwigizaji msaidizi ilikwenda kwa watu saba kwa pamoja, wale waliokuwa wakipokezana kumchezesha chui-milia katika mchezo wa Life of Pi. Ilikuwa tuzo ya uigizaji hasa, iliyotolewa kwa watu ambao hadhira inatazama mikono yao ikimwendesha mnyama. Miaka nenda rudi tumekuwa tukihesabiwa miongoni mwa wabeba vifaa.

Turudi kwa simba wako. Vile vinyago vya simba mfalme Mufasa na ndugu yake Scar vilivyokukera vinakaa juu ya kichwa makusudi, na vinatembea. Mwigizaji ana kidude kidogo cha kuendeshea mkononi. Akikibonyeza, kinyago kinashuka kutoka utosini hadi mbele ya uso. Mtazame Scar anapobishana na kaka yake. Akisimama wima, unamwona mtu mwenye wivu na unausoma uso wake. Akiinama na kunyoosha shingo, kinyago kinashuka, na papo hapo ni mnyama anayetaka kuuma. Uso ungefunikwa moja kwa moja, ungepata mnyama tu, na hadithi hii ni ya ndugu wawili na kiti cha ufalme. Kinyago cha Mufasa, pamoja na ukubwa wake, kina uzito wa takriban gramu 300 tu, kwa kuwa kimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Cha Scar ni chepesi zaidi. Mtu wa pembeni anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Mimi niliyewahi kubeba kinyago cha mbao kichwani kwa onyesho zima na kuamka kesho yake siwezi kugeuza shingo, nakuambia wepesi huo ndio unaomruhusu mwigizaji kuimba.

Anayenipendeza kuliko wote ni duma. Mchezaji amesimama nyuma, mwili wake ni sehemu ya nyuma ya mnyama, na mbele yake kuna mwili na miguu ya mbele anayoiendesha kwa mikono. Kichwa cha duma kimeunganishwa kwa nyuzi na kichwa cha mchezaji, kwa hiyo mtu akitazama kushoto, duma anatazama kushoto. Kuna mahali anasimama na kulamba mguu wake wa mbele, jambo lisilo na maana yoyote katika hadithi, la mnyama kujitunza tu. Usilikose. Mtu mmoja mwenye nyuzi mbili tatu anakufanya umwogope na umpende kiumbe ambaye umeona jinsi alivyofungwa.

Swala nao: mchezaji mmoja anabeba swala watatu, mmoja kichwani na mmoja katika kila mkono, na kila anaporuka wanaruka kundi. Ndege wapo kwenye ncha za fimbo ndefu zinazonesa. Tembo ana watu wanne, kila mtu mguu wake, na huja akipita kati ya viti vya watazamaji. Kwa upande mwingine, panya wa Scar aliye kwenye ncha ya bakora yake ana kama sentimita 13 tu, na ndiye kikaragosi kidogo kuliko vyote.

Nikuombe pia usiwatazame wanyama peke yao. Mandhari ya mchezo huu nayo yanacheza kama wachezaji. Jua la mwanzo linalopanda nyuma ya jukwaa ni vipande vya hariri vilivyotundikwa kwenye mbavu za alumini, ndiyo maana linatetemeka kama jua la kweli linavyotetemeka kwenye joto la upeo wa macho. Mbuga ni watu: wachezaji wanaingia na majani yaliyosimama kwenye sinia vichwani, na mbuga inatembea, inayumba, inapisha simba apite. Ukame unapofika, maji ni duara la hariri ya buluu lililotandazwa sakafuni, na linavutwa polepole kwenye tundu la katikati hadi linakwisha. Hakuna anayetamka kwamba maji yamekauka. Simba majike wanapolia, wanavuta utepe mweupe kutoka kwenye macho ya vinyago vyao, unatoka mrefu, unaendelea kutoka. Nimeona watu wazima wakifuta macho kwa sababu ya utepe ule. Machozi ya maji yasingeonekana safu ya tano. Utepe unaonekana hadi kiti cha mwisho, na kila mtu anajua ni kitambaa, na bado.

Kwenye bonde, nyumbu wanapotimka, jaribu kufanya jambo gumu: angalia kwa jicho la fundi kwa sekunde chache, kisha jiachie. Nyuma kabisa kuna magogo yanayozunguka yenye nyumbu wadogo sana. Mbele yake kuna wengine wakubwa zaidi, mbele tena wakubwa zaidi, na mwisho wachezaji wenyewe wanaruka wakiwa na vinyago vya ukubwa kamili. Vitu hivyo ni tofauti kabisa, lakini jicho linaviunga kuwa kundi moja linalokujia kutoka mbali. Ni hesabu ya umbali iliyofanywa kwa magogo na miguu ya watu.

Sitakuambia kila kitu kinanifikia sawasawa. Timon, yule nguchiro, na Pumbaa, yule ngiri, kwangu ndio wenye ubunifu mdogo kuliko wengine, kwa kuwa wamefanana mno na katuni. Nadhani hadhira isingevumilia wabadilishwe. Ila ufundi wake si wa mzaha. Timon anachezeshwa kwa namna inayokaribia ile ya bunraku, mwigizaji aliyevaa kijani amesimama nyuma yake na miguu ya kikaragosi imefungwa kwenye viatu vyake. Pumbaa anabebwa mgongoni na kiunoni, na ana uzito wa kilo 20 hivi. Huyo mtu anaimba na kuchekesha akiwa na mzigo wa mfuko wa saruji mdogo.

Kuhusu viti, kama bado una nafasi ya kubadilisha, usitamani safu ya kwanza. Ukiwa hapo utawatazama twiga kwa kunyanyua kidevu na utaona miguu tu, yaani utarudia kosa la simu. Chini katikati, kando ya njia ya kupitia, ni pazuri kwa mtoto, kwa sababu wimbo wa kwanza wanyama hupita kwenye njia hizo. Juu mbele nako kuzuri, hasa kwa nyumbu na kwa lile duara la maji, ambalo mtu wa chini halioni vizuri. Na fikeni mapema, mkae kabla taa hazijazimwa. Dakika kama kumi za mwanzo ndizo zinazofundisha macho namna ya kutazama mchezo mzima, na atakayezikosa kwa kuchelewa ataanza pale ulipoanzia wewe, kwenye miguu.

Binti yako hatahitaji masomo yote haya. Mtoto anayefunga kanga kwenye kijiti na kukiita mwanangu anaijua kazi hii kuliko mimi. Ukimwambia mapema kwamba ndani kuna watu, hutamharibia kitu; kwa umri wake litamsaidia tembo atakapompita karibu gizani na fisi watakapocheka. Mwambie pia kwamba Mufasa, baba wa mwanasimba Simba, atakufa. Miaka saba anaweza kulibeba hilo, ila lisimjie ghafla katikati ya kelele na giza. Onyesho ni la takriban saa mbili na nusu pamoja na mapumziko, na usiku usiozoeleka ni mrefu kwa mtoto, kwa hiyo alale mchana wa siku hiyo.

Halafu mna neema ambayo wengi wa watazamaji wa mchezo huo hawana. Mtaelewa majina bila kutafsiriwa. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, yule fisi ni Shenzi kweli, Pumbaa amepumbaa, na mama yake Simba anaitwa Sarabi, yaani mazigazi. Nyimbo zimechanganya lugha kadhaa za Kiafrika. Ule mwito wa kwanza unaokata giza ni Kizulu, na kwaya nyingi ni kazi ya Lebo M, mwanamuziki aliyezaliwa Soweto. Msikie mtoto atakavyowatafsiria waliokaa jirani.

Filamu? Tazameni kwanza. Wapo wenzangu wanaosema inaharibu mshangao, mimi nasema mtu anayeijua hadithi hana haja ya kuikimbiza, macho yake yako huru kutazama mikono. Ila mwandae binti yako kwa jambo moja: Rafiki, yule nyani mganga, katika filamu ni mwanamume, wa jukwaani ni mwanamke. Taymor alimbadilisha kwa kuwa aliona hadithi haina mwanamke mwenye nguvu, na sauti ya kwanza mtakayoisikia taa zikizimwa itakuwa yake, peke yake, kabla hata mnyama mmoja hajaingia. Huyo hana shingo ndefu wala nyuzi. Uso wake umepakwa rangi tu, na mtamwamini tangu neno la kwanza.